Ijumaa namalizia milioni 23 za nyumba. Nitoke pale na karatasi zipi mkononi?

Mwalimu_Hesabu

Habari za jioni wakuu, na shikamooni kwa walionizidi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari moja wilayani Kilosa. Mwezi wa tatu nilipata nyumba Kihonda, Morogoro mjini. Vyumba vitatu, bati la zamani lakini halivuji, mwembe mmoja uwanjani. Kiwanja kimepimwa, bikoni zote nne, yale mawe ya mipaka, nimeziona kwa macho yangu. Ya nne ilikuwa chini ya banda la kuku, tukaombana radhi na kuku ndipo tukaiona. Bei tulikubaliana milioni 58. Nimeshalipa 35 kwa awamu mbili, zote kupitia benki, mkopo wa mshahara ambao nadhani nitastaafu nao. Zimebaki 23.

Ijumaa hii saa nne asubuhi tunakutana ofisini kwa wakili. Nalipa, nakabidhiwa. Sasa nakabidhiwa nini? Nimemuuliza dalali, kanijibu, "Hati na funguo mwalimu, unataka na nini tena?" Kwa namna alivyocheka nikajiona mshamba, nikanyamaza. Lakini usiku sijalala.

Mwenye nyumba alifariki 2016 na hati ina jina lake bado. Anayeuza ni mwanawe wa kwanza, ndiye msimamizi wa mirathi, nimeiona Fomu Namba IV ya Mahakama ya Mwanzo, ile ya uteuzi wake, na muhuri wake. Mama mjane yupo hai, anaishi humo humo ndani, atahamia kwa binti yake Dodoma. Watoto jumla ni watano. Mkataba wa mauziano tulisaini mwezi wa tatu, mimi na msimamizi, mashahidi wawili, wakili akagonga muhuri.

Wakili ni wa upande wa muuzaji. Msinigombeze, nimeshajigombeza mwenyewe.

Naombeni mtu aliyepitia anitajie karatasi moja moja.

---

Kijoti

Hongera mwalimu. Hati ipo, Fomu IV ipo, wakili yupo, unatafuta presha ya nini? Mimi Kigamboni nilinunua kwa karatasi ya serikali ya mtaa tu, mwenyekiti na mashahidi, mwaka wa tisa huu sijaulizwa na mtu.

---

Bi_Mkubwa_Tabata

Kijoti, hujaulizwa BADO.

Mwalimu mdogo wangu, njoo nikuonyeshe kabati langu. Mimi nilinunua 2014, muuzaji mtu mstaarabu, mswalihina, hana neno. Siku ya kumaliza hela akanipa hati halisi mkononi, akanipa funguo, tukala pilau. Fomu za kuhamisha akasema, "Tutasaini ukiwa tayari kuhamisha, mimi niko hapa hapa siendi popote." Na kweli sikuwa tayari, nilikuwa nimeishiwa, hela ya kodi na ya mthamini ningeitoa wapi. Nikasema mwakani. Mwakani ikawa mwakani.

2019 akafariki.

Hati ninayo. Imeviringishwa kwenye kanga, iko juu ya kabati pale. Nyumba naishi, nimeezeka upya, nimechimba kisima. Jina si langu. Warithi wake wanne wanakubali kwamba niliuziwa, wa tano anasema na yeye apate kifuta jasho cha milioni 5 ndipo atie saini. Kila Idi ananipigia kunitakia heri na kunikumbusha.

Kwa hiyo anayekwambia hati na funguo, mwambie akawauzie wenzake.

---

MzeeWaMasjala

Mwalimu, marahaba. Nilikaa kaunta ya masjala ya ardhi miaka 19 kabla ya kustaafu. Sheria waachie mawakili, mimi nakwambia vile vilivyokuwa vinawarudisha watu nyumbani na mabahasha yao ya kaki.

Kwanza, hati yenyewe haihamishi kitu. Kushika hati ya mtu bila fomu zilizosainiwa ni kama kushika kadi ya gari la mtu, gari halijawa lako. Kinachohamisha ni Fomu ya Ardhi Namba 35, ile ya uhamisho, na nyuma yake zinakwenda Namba 29, ya taarifa ya kuhamisha, na Namba 30, ya kuomba kibali. Muuzaji anatia saini mbele ya wakili, picha zenu zinabandikwa, ndipo Msajili wa Hati anakuwa na kitu cha kusajili. Bi Mkubwa hapo juu kaeleza vizuri kuliko kitabu. Alikuwa na kila kitu isipokuwa saini za dakika kumi.

Lakini wewe tatizo lako liko kabla ya hapo, na hapa naomba usome polepole.

Hati ina jina la marehemu. Marehemu hasaini. Mwanawe kuwa na Fomu IV kunampa mamlaka, ila daftari la ardhi halijui hilo mpaka aliombe. Anatakiwa apeleke Fomu IV, cheti cha kifo na hati halisi kwa Msajili, aandikishwe kama msimamizi wa mirathi ya mzee. Akishaingia yeye kwenye daftari, ndipo anaweza kusaini 35 kwa nafasi hiyo, akaja kwako. Ni hatua mbili. Watu wengi wanaruka ya kwanza, wanasaini 35 siku ya kulipana, wanapongezana, halafu baada ya miezi miwili jalada linarudi na karatasi nyekundu juu. Wakati huo hela imeshagawanywa kwa watoto watano na mmoja amenunua bodaboda.

Swali lako la kwanza Ijumaa, kabla hata ya chai, ni hili: msimamizi ameshaandikishwa? Kama hati ni ile ya zamani ya kurasa nyingi, fungua nyuma kwenye maingizo, utaliona jina lake au hutaliona. Wala usiishie hapo. Kafanye upekuzi rasmi wewe mwenyewe wiki hii, kwa namba ya hati, kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Si ule upekuzi ambao dalali anatembea nao kwenye simu tangu mwaka juzi. Upekuzi utakuonyesha jina lililopo leo, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama kuna mtu kaweka.

Pili, nenda Mahakama ya Mwanzo ile ile iliyotoa Fomu IV. Chukua namba ya shauri la mirathi, uliza jaladani kama uteuzi bado upo. Niliwahi kupokea Fomu IV safi kabisa, wino haujafifia, kumbe ndugu walilalamika na uteuzi ulishatenguliwa miezi mingi nyuma. Karatasi haijui kama imetenguliwa. Ukiwa hapo hapo uliza kama msimamizi alileta orodha ya mali, Fomu V, ambayo anapaswa kuileta ndani ya miezi minne. Ukiikuta, angalia nyumba ya Kihonda imo. Msimamizi anayeuza kitu ambacho hakukitaja mahakamani, mimi ningemwogopa.

Tatu, mama. Usikubali kwamba "mama anajua". Muuzaji akiwa hai na ana mke, sheria ya ndoa ya 1971 na sheria ya ardhi zinataka ridhaa ya mwenza, tena mnunuzi ndiye anayepaswa kuulizia. Hapa mume hayupo, basi mama ni mrithi, na huenda ana jasho lake ndani ya zile kuta. Anayekaa ndani ya nyumba ndiye wa kwanza kusikilizwa mkifika Baraza la Ardhi. Taka maandishi yake mwenyewe, yenye picha, saini au dole gumba, mbele ya wakili, yamesomwa kwake kwa sauti. Na ule muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za watoto wote watano, na nakala za vitambulisho vyao vya NIDA. Wote watano, hata yule aliyeko Mbeya ambaye "amekubali kwa simu".

Nne inaonekana ndogo lakini imenilipia mishahara: majina. Chukua hati, cheti cha kifo, Fomu IV na mkataba, vipange mezani sambamba, soma herufi kwa herufi. Ukiona tofauti hata ya herufi moja, wakili aandike kiapo cha majina mapema, usisubiri kaunta ikurudishe.

Kodi nitarudi, simu inaniishia chaji.

---

Kijoti

Mzee sasa umenitia hofu na mimi ya Kigamboni 😅

---

FundiUmeme_Moro

Kwa ufupi tu, huwa hawalisemi. Omba namba ya mita ya LUKU, ununue umeme wa elfu tano mbele ya muuzaji kabla hujalipa. Kama mita ina deni utaliona hapo hapo, uniti zinakuja kiduchu. Ile kodi ya majengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, nayo inakatwa humo humo, kwa hiyo kama nyumba ilikaa muda bila kununua umeme kuna malimbikizo yanakusubiri. Bili ya mwisho ya MORUWASA pia, iliyolipwa. Juzi nimefunga nyaya kwa mama mmoja amerithi deni la maji la laki nne na thelathini la mtu asiyemfahamu.

---

MzeeWaMasjala

Nimerudi. Fundi kasema kweli.

Kodi. Stakabadhi ya pango la ardhi lazima iwe ya mwaka huu, bila deni la nyuma. Nimeona hati za watu zina malimbikizo ya miaka minane na muuzaji anashangaa kama vile kiwanja ndicho kilichokopa. Kisha kodi ya ongezeko la mtaji, hiyo ni ya muuzaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na asiyekuwa na kumbukumbu za gharama alizotumia hukatwa asilimia 3 ya thamani. Nyumba za mirathi kumbukumbu huwa zilishaliwa na mchwa, kwa hiyo jiandaeni kwa hiyo ya 3. Msajili hasajili bila uthibitisho wa TRA kwamba imelipwa, sasa muuzaji akitoweka nayo, wewe ndiye utakayekwama kaunta. Ushuru wa stempu asilimia 1 ni wako, ulipe ndani ya siku 30 tangu saini, ukichelewa kuna adhabu.

Usipige hesabu hizo kwa 58 yako. Inahitajika ripoti ya uthamini iliyopitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na mthamini akisema nyumba ni milioni 66, basi ni 66.

Kama mkataba wenu umekaa kimya kuhusu nani analipa nini, dawa ni karatasi ya nyongeza kabla ya Ijumaa.

---

Mwalimu_Hesabu

Mzee Mungu akuweke. Leo Jumatano nimeomba ruhusa kwa mkuu, nimepanda basi la saa kumi na mbili. Nimefanya upekuzi.

Jina ni la marehemu. Hakuna rehani, hakuna zuio, na hakuna msimamizi.

Mahakamani nimemkuta karani mwenye huruma. Uteuzi upo hai. Fomu V ipo, nyumba imo, imeandikwa "nyumba moja Kihonda na miti". Nimefurahi kuuona ule mwembe.

Sasa nimpigie msimamizi nimwambieje? Mama ameshafunga vyombo kwenye viroba. Dalali kanipigia mara nne. Nikisema silipi nitaonekana tapeli mimi.

---

MzeeWaMasjala

Usiseme hulipi. Sema fedha ipo na Ijumaa mnakutana palepale saa ile ile. Nenda na wakili wako mwenyewe, hata kama ni laki tatu, itoe. Kaa na muuzaji muandike nyongeza ya mkataba: msimamizi aandikishwe kwanza, asaini 29, 30 na 35, alete stakabadhi ya TRA, na milioni 23 zitoke siku hiyo. Kama wanataka uhakika wa fedha, iwekwe kwenye akaunti ya wateja ya wakili mnayemkubali wote wawili, kwa maandishi ya lini inatoka na lini inarudi kwako.

Na usiing'ang'anie hati Ijumaa. Najua utatamani kulala nayo. Ukiikumbatia, msimamizi ataandikishwa kwa kitu gani? Mawakili wote wawili waipeleke, ubaki na nakala iliyothibitishwa na stakabadhi ya kupokelewa. Muulize wakili wako kuhusu kuweka zuio kwa Msajili, maana mkataba ulionao unakupa haki hiyo. Hapo hata dalali akipata mteja wa milioni 70 hamuuzii mtu.

---

Bi_Mkubwa_Tabata

Na mwalimu, kuonekana tapeli kwa wiki mbili hakuui. Muulize anayepigiwa simu kila Idi.

---

Mwalimu_Hesabu

Wakuu, narudi na mrejesho. Nimechelewa, tulikuwa kwenye mitihani ya kidato cha nne ya majaribio.

Ile Ijumaa dalali alinuna mpaka chai haikunyweka. Wakili wao, kwa haki yake, aliposikia neno "kuandikishwa" alivua miwani akasema, "Mwalimu ana hoja." Kumbe alijua, alikuwa anaona tutafanya mbele ya safari.

Tulipanga karatasi mezani kama Mzee alivyosema. Hati: Hamisi. Fomu IV: Hamisi. Cheti cha kifo: Hamis. Nikanyanyua mkono kama mwanafunzi. Mawakili wakaanza kusema mambo ya kiapo, msimamizi akasema hiyo ni i tu jamani. Mama mjane alikuwa kimya kwenye kochi muda wote, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Akasema, "Nimemwita Hamisi miaka arobaini. Hiyo i msiitupe." Kiapo kikaandikwa.

Ridhaa yake wakili wangu aliisoma kwa sauti, sentensi kwa sentensi, mama anaitikia. Ilipofika "sitakuwa na madai yoyote juu ya nyumba hiyo" akaomba arudie. Ikarudiwa. Akakaa kidogo, kisha akatoa kidole. Wino ulimtapakaa mpaka kwenye ushungi. Mimi mwenyewe nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Fedha iliingia akaunti ya wateja kwa maandishi ya kurasa mbili. Kumwandikisha msimamizi kulichukua wiki tano na siku mbili, na kijana wa Mbeya alisaini muhtasari baada ya kutumiwa nauli (nauli nilitoa mimi, kubishana ningetumia zaidi). Mthamini akaja, akapima, akaangalia mwembe. Thamani ikatoka milioni 61, kwa hiyo ushuru wa stempu wangu 610,000 na kodi ya muuzaji kwa ile asilimia 3 ikawa 1,830,000. Aliguna, akalipa.

Jumanne iliyopita tumekabidhiana. Nilikwenda na daftari la shule, tukaandika nakala mbili, kila karatasi inayotoka upande wao inasomwa, inaandikwa, wote tunasaini pembeni. Hati halisi yenye jina la msimamizi. Fomu 29, 30 na 35 zenye saini na picha. Cheti cha kifo, Fomu IV na Fomu V, nakala zilizothibitishwa. Kiapo cha majina. Ridhaa ya mama. Muhtasari wa familia, saini tano. Nakala za NIDA na namba ya mlipakodi ya msimamizi. Stakabadhi za TRA, za pango la ardhi mpaka mwaka huu. Ripoti ya mthamini. Ramani ya upimaji, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo lakini inasomeka. Kibali cha ujenzi cha 1994, ambacho sikukitegemea, mzee alikiweka kwenye Kurani yake. Namba ya mita, umeme wa elfu tano ukaingia uniti kamili, Fundi ahsante. Bili ya maji, deni sifuri. Funguo sita, mbili hazijulikani ni za mlango gani.

Ndipo mawakili wakaachia milioni 23. Mchana huo huo jalada likapokelewa kwa Msajili, na stakabadhi ya kupokelewa iko kwenye mkoba wangu hapa ninapoandika. Jina langu bado, nasubiri.

Bi Mkubwa, wakili wangu anasema suala lako la mrithi wa tano lina njia mahakamani, nimekutumia ujumbe faragha.

Kitu kimoja kilitushinda kuandika. Mama alipopanda gari la Dodoma aliacha kuku saba kwenye lile banda, juu ya bikoni ya nne. Nikamkimbilia dirishani, "Mama, kuku!" Akanijibu hao ni wa nyumba. Hawamo kwenye orodha, na msimamizi alikuwa ameshaondoka.

---

MzeeWaMasjala

Waandike kwa mkono, sahihi yako peke yako inatosha. Banda lisogeze, bikoni isifunikwe.